Betri ya trela inakata usiku wa pili: kabla ya kununua kubwa zaidi, pima kinachoingia

*"Habari za kazi, fundi. Mwaka jana tulinunua trela ya kupigia kambi iliyotumika. Ina betri moja ya asidi ya volti 12, ampea-saa 100, paneli ya sola ya wati 100 juu ya paa, friji ndogo ya kompresa, taa za LED, pampu ya maji na feni tunayowasha usiku. Tukiwa safarini betri huchajiwa na gari kupitia plagi ya trela. Safari iliyopita tuliondoka nyumbani chaja ikionyesha kijani, tukaendesha masaa matano, tukaegesha chini ya miti. Usiku wa kwanza mambo yalikuwa sawa. Usiku wa pili, kama saa tisa hivi, friji ikazima. Asubuhi nikapima nikakuta volti 11.6. Tuliporudi nyumbani chaja iliwaka kijani ndani ya masaa mawili tu, wakati zamani ilichukua usiku kucha. Betri haijafikisha miaka miwili. Muuzaji anasema ninunue ya ampea-saa 200. Shemeji anasema nihamie lithiamu na nifunge inveta kubwa ili tuchemshe maji kwa umeme. Jirani naye anasema kosa langu ni kuchaji kabla betri haijaisha kabisa. Nimsikilize nani?"*

Ndugu yangu, ahsante kwa kueleza kwa kina, maana vipimo viwili ulivyotaja vimenisaidia kuliko maneno mengi. Wote watatu wamekushauri kuhusu chombo cha kuhifadhia umeme. Hakuna aliyekuuliza umeme wenyewe unaingia kwa njia ipi na kwa kiasi gani, na hapo ndipo penye tatizo lako. Betri yako yaelekea imeshaharibika, na nitakuonyesha namna ya kuhakikisha, lakini imeharibika kwa sababu kwa muda mrefu haijajaa sawasawa. Ukifunga ya ampea-saa 200 (ampea mara masaa, yaani kiasi cha umeme ambacho betri inabeba) kwenye waya ule ule na paneli ile ile, utapata usiku mmoja au miwili ya ziada, kisha nayo itakufa kama mwenzake. Ni sawa na kununua mtungi mkubwa zaidi wakati bomba linadondosha matone.

Nianze na jirani, kwa sababu ushauri wake ndio unaoweza kukuumiza haraka. Habari ya kumaliza betri kabisa ndipo uchaji ilitokana na betri za nikeli na kadimiamu, zile zilizokuwa kwenye redio za mkononi na vifaa vya zamani. Betri ya asidi na risasi ni kinyume chake. Umeme unapotoka, risasi iliyo kwenye mabamba ya ndani inaungana na asidi na kuwa salfati ya risasi. Unapochaji, salfati hiyo inayeyuka na kurudi ilikotoka. Ikiwa bado changa, inarudi kwa urahisi. Ukiiacha siku kadhaa, na zaidi wiki kadhaa, fuwele zake hukua na kuwa ngumu, na sehemu ile ya bamba haifanyi kazi tena. Kwa hiyo kila unapoishusha betri hadi chini na kuichelewesha kuchajiwa, unapoteza kipande cha uwezo wake ambacho mara nyingi hakirudi. Betri ya asidi inapenda kuchajiwa mapema na kujazwa hadi juu. Kwa matumizi ya kambini, usiishushe chini ya nusu ikiwa unataka idumu miaka.

Nusu ni ipi? Hapa wengi hudanganyika, kwa kuwa betri inaitwa "ya volti 12" na mtu akiona 12.1 hudhani iko salama. Betri ya asidi iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.7. Ikisoma kati ya 12.1 na 12.2, imebaki nusu. Ikisoma chini ya 11.9 huna kitu cha maana ndani yake. Vipimo hivyo ni vya betri iliyotulia, haichajiwi na haitoi umeme, walau kwa masaa machache. Ile 11.6 uliyoikuta asubuhi, hata kama taa moja ilikuwa ikiwaka, inasema betri ilikuwa imekwisha kabisa.

Sasa tuje kwenye taa ya kijani. Huenda ulifurahi ilipowaka mapema, na ni kawaida kufurahi, lakini kwangu hiyo ndiyo dalili mbaya kuliko zote ulizoandika. Chaja haioni ampea-saa zilizomo ndani ya betri. Inaona volti, na inaona mkondo unavyopungua. Betri nzima ya ampea-saa 100 iliyoshuka hadi chini, ikipewa chaja ya ampea 10, inahitaji zaidi ya masaa kumi kujaa. Yako ilijaa kwa masaa mawili. Maana yake ni kwamba ilipokea labda ampea-saa 20, volti zikapanda haraka kwa kuwa hakuna mabamba mazima ya kupokea zaidi, na chaja ikaamini kazi imekwisha. Betri iliyosinyaa hujaa upesi na huisha upesi. Ikiwa hali iko hivyo hata baada ya majaribio nitakayokueleza, hiyo betri hutaiokoa.

Na iliharibikaje ndani ya miaka miwili? Nadhani kwa njia mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni kukaa. Hukuniambia trela hukaaje kati ya safari na safari, lakini trela nyingi zina vitu vidogo visivyozimwa: king'amuzi cha gesi, redio inayotunza saa, taa ndogo ya swichi. Vikila ampea 0.1 tu kwa jumla, hizo ni ampea-saa 2.4 kwa siku, na baada ya wiki tatu umepoteza nusu ya betri bila kulala ndani ya trela hata usiku mmoja. Betri ikae miezi miwili hivyo, salfati inakuwa imeshakuwa ngumu. Kata waya hasi unapoiegesha, au iache kwenye chaja nzuri yenye hatua ya kutunza, inayoshikilia karibu volti 13.5 baada ya betri kujaa.

Ya pili ni ule waya wa gari, na hapa naomba uvumilivu wako kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapopoteza fedha bila kujua. Kuchaji betri ya asidi hadi juu kunahitaji volti kati ya 14.4 na 14.8 kwenye vichwa vya betri yenyewe, na kunahitaji zikae hapo kwa masaa. Asilimia 80 za kwanza huingia haraka. Asilimia 20 za mwisho huingia polepole, masaa manne hadi sita, hata ukiwa na chaja kubwa kiasi gani, kwa kuwa betri yenyewe ndiyo inayokataa kupokea kwa kasi. Hizo asilimia 20 za mwisho ndizo zinazoyeyusha salfati iliyobaki, na ndizo zinazokosekana karibu kila mara kwenye trela.

Tazama sasa kinachotokea kati ya injini na trela yako. Tuseme kutoka kwenye betri ya gari hadi kwenye betri ya trela ni mita 8. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 16 za shaba. Waya wa kawaida wa plagi ya trela huwa na unene wa milimita za mraba 2.5 hivi. Waya wa namna hiyo kwa urefu huo una ukinzani wa karibu omu 0.11. Ukipitisha ampea 10, unapoteza volti 1.1 njiani. Kama alteneta, ile jenereta inayozungushwa na injini ya gari, inatoa 14.2, betri ya trela inaonja 13.1. Hapo bado sijahesabu kutu kwenye pini za plagi, wala kiungo cha fremu ya trela kilicholegea. Friji ikiwa inafanya kazi mkiwa barabarani, ampea zake 4 peke yake zinakula karibu nusu volti. Betri inapoanza kupanda, mkondo unapungua na upotevu unapungua pia, lakini ile 14.4 haifikiwi kamwe. Unaendesha masaa matano, unafika, na betri imepokea kidogo tu.

Kwa magari ya miaka ya karibuni hali ni mbaya zaidi. Ili kuokoa mafuta, kompyuta ya gari hushusha alteneta mara betri ya gari yenyewe inapokuwa imejaa, na volti huweza kushuka hadi 13 au chini zaidi. Toa upotevu wa waya, na trela inabaki na volti zisizoweza hata kuisukuma betri iliyo nusu. Hilo si kosa la gari. Limeundwa kutunza betri yake, na trela haimo katika mahesabu yake.

Unaweza kuliona hili kwa macho yako leo. Unganisha trela, washa injini, washa friji na taa zote za trela, kisha weka multimita kwenye vichwa vya betri ya gari, halafu kwenye vichwa vya betri ya trela. Tofauti ikizidi volti 0.5, umempata mwizi wako. Acha injini iendelee kwa dakika ishirini upime tena, maana gari lenye alteneta ya kisasa huanza vizuri kisha hushuka.

Baada ya hapo tuhesabu unachotumia. Nimekadiria kwa vifaa ulivyotaja. Wewe badilisha kwa namba zilizoandikwa kwenye vifaa vyako. Friji ndogo ya kompresa hula karibu ampea 4 inapozunguka, na kwa siku huzunguka kama masaa kumi, hivyo ni ampea-saa 40. Feni ya ampea 1.5 kwa masaa nane ni 12. Taa tatu za wati 4 kwa masaa matano ni wati-saa 60, yaani 5. Simu zenu chache ni 4. Pampu ya maji inavuta ampea 5 lakini kwa dakika ishirini tu kwa siku nzima, kwa hiyo haifiki hata 2. Jumla ni ampea-saa 63 kwa siku, na theluthi mbili zake ni friji.

Betri ya ampea-saa 100 inayoshushwa hadi nusu inakupa 50. Kwa maneno mengine, hata ingekuwa mpya na imejaa hadi juu, isingefika asubuhi ya pili bila kuumia. Na ile 100 iliyoandikwa kwenye kibandiko ni ya kutoa umeme polepole kwa masaa 20, ampea 5 kwa saa zote hizo. Ukivuta kwa nguvu zaidi unapata kidogo zaidi. Mjerumani Wilhelm Peukert alilieleza jambo hili kwa kanuni mwaka 1897, na bado linawashangaza wanaofunga inveta kubwa kwenye betri ndogo.

Paneli yako ya wati 100 ingesaidia kwa kiasi gani? Siku ya jua zuri, linalolingana na masaa matano ya jua kali, kwenye karatasi ni wati-saa 500. Lakini paneli imelala juu ya paa, haikuelekezwa jua, inapata joto (na paneli ikipata joto hutoa pungufu), kisha kuna waya na kidhibiti chaji, kile kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unapoingia kwenye betri. Kinachofika kwenye betri ni kama wati-saa 300, ampea-saa 25. Hiyo ni jua tupu. Ninyi mliegesha chini ya miti. Seli za paneli zimefuatana kama mnyororo, na kivuli cha tawi moja juu ya seli chache kinaweza kuangusha uzalishaji wa sehemu kubwa ya paneli. Chini ya miti ningeshangaa mkipata ampea-saa 8.

Kwa hiyo hesabu yenu ilikuwa hivi: mliondoka na betri iliyosinyaa, barabara haikuongeza kitu cha maana, kivuli kikazuia jua, na friji ikaendelea kula. Mlibahatika kufika hadi saa tisa ya usiku wa pili.

Tufanye nini basi? Nitakueleza kwa mpangilio ambao ningeufuata mimi kama trela ingekuwa yangu.

La kwanza halihitaji kununua chochote. Poza friji nyumbani kwa umeme wa ukutani usiku mzima kabla ya kuondoka, na uweke ndani vitu vilivyokwisha poa. Friji inayoanza safari ikiwa na vinywaji vya moto huzunguka karibu bila kupumzika kwa masaa mengi, na hiyo ndiyo siku unayoitegemea betri zaidi. Angalia nyuma ya friji pia. Kompresa inahitaji hewa, na mara nyingi nakuta blanketi au mabegi yameziba matundu. Ukipunguza mzunguko wa friji kutoka masaa kumi hadi saba, umeokoa ampea-saa 12 kwa siku, sawa na feni yako ya usiku mzima.

La pili ni jua linaloweza kuhamishwa. Trela ikae kivulini, hapo mko sahihi kabisa, kwa sababu trela iliyo juani inaifanya friji ihangaike. Paneli ndiyo iende juani. Paneli ya kukunja ya wati 200 yenye waya wa mita 10, ikiegemezwa na kugeuzwa mara mbili tatu kwa siku, inaweza kukupa ampea-saa 50 au zaidi siku ya jua zuri. Paneli ya paani ikipata hata kidogo, mmefikia matumizi yenu. Siku ya mawingu mazito usitarajie hata robo ya hapo. Kuna jambo moja watu hukosea: kidhibiti chaji kifungwe karibu na betri, si nyuma ya paneli. Volti zinazopotea kati ya paneli na kidhibiti hazina madhara makubwa, lakini zinazopotea kati ya kidhibiti na betri humfanya kidhibiti adhani betri imejaa wakati bado. Paneli nyingi za kukunja huja na kidhibiti kimegandishwa mgongoni, kwa hiyo kihamishe.

Kuhusu aina ya kidhibiti, vya PWM ni rahisi, lakini huivuta paneli ishuke hadi volti za betri. Paneli ya wati 100 inayotoa ampea 5.5 kwa volti 18 inabaki na wati kama 70 ikiwa betri iko volti 13. Vya MPPT hubadilisha volti za ziada kuwa ampea, na tofauti huonekana zaidi asubuhi yenye baridi na betri ikiwa chini. Kwa wati 200 ningechukua MPPT bila kusita. Kisha ingia kwenye mpangilio wake uchague aina ya betri uliyonayo. Betri ya jeli hutaka volti pungufu, karibu 14.1 au 14.2, na ikichajiwa kwa kipimo cha betri ya kawaida huharibika.

La tatu ni chaja ya betri kwa betri, kifaa kinachopokea volti zozote zinazotoka kwenye gari, hata 12.5, na kuzipandisha hadi kile betri ya trela inachohitaji, kwa hatua zote za kuchaji. Kwako wewe unayeendesha masaa matano kati ya kambi na kambi, hiki ndicho kifaa kitakachobadilisha maisha ya betri kuliko kingine chochote. Kwa betri ya asidi ya ampea-saa 100, cha ampea 20 kinatosha. Lakini kinavuta ampea 25 au zaidi kutoka kwenye gari, na ule waya wa plagi hauwezi mzigo huo, utapata moto. Kinataka nyaya zake chenyewe, za milimita za mraba 16 kwa urefu wako, plagi nene ya ampea 50, na fyuzi mbili: moja karibu na betri ya gari, nyingine karibu na betri ya trela. Zote mbili ni za lazima, kwa kuwa waya huo una betri pande zote na unaweza kuungua kutokea upande wowote. Kifungwe ndani ya trela, jirani na betri. Kama mnakaa mahali pamoja wiki nzima na hamsogei, fedha hiyo weka kwenye paneli.

Jenereta ina nafasi yake siku za mvua. Tundu lake la volti 12 usilitegemee, mara nyingi hutoa ampea chache na halina hatua za kuchaji. Chomeka chaja halisi kwenye tundu lake la umeme mkubwa. Iwashe asubuhi masaa mawili ili ipeleke zile ampea-saa nyingi zinazoingia haraka, halafu jua limalizie polepole hadi jioni. Kuiwasha jioni kabla ya kulala ni kuchoma mafuta kwa ajili ya zile asilimia za mwisho. Na tafadhali sana, ikae nje, mbali na madirisha na hema, upande ambao upepo hauleti moshi kwenu. Hewa ya monoksidi ya kaboni iliyo kwenye moshi huo haina harufu na imeua watu waliolala.

Sasa shemeji. Kuhusu lithiamu ana hoja nzuri, na sitaki kumpinga kwa kumpinga. Betri ya lithiamu ya fosfati ya chuma, ya ampea-saa 100, inakupa 80 hadi 90 za kutumia badala ya 50. Ina uzito wa kilo 11 hadi 13, wakati ya asidi inafika 25 hadi 30. Huvumilia mizunguko elfu kadhaa. Na jambo ambalo kwangu ni kubwa zaidi: haidhuriki kwa kukaa nusu, kwa hiyo ule ugonjwa ulioiua betri yako hauipati. Inapokea chaji kwa kasi karibu hadi mwisho, basi saa moja ya jenereta au ya barabara ina thamani zaidi.

Lakini haizalishi umeme. Kwa matumizi ya 63 kwa siku na kivuli kile kile, friji ingezima usiku huo huo wa pili au kesho yake. Tena, ina masharti. Chaja na kidhibiti vyako lazima viwe na mpangilio wake. Haitakiwi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi. Na kwa kuwa inameza mkondo mkubwa bila kujizuia, kuiunganisha moja kwa moja na alteneta kwa waya mnene kunaweza kuiunguza alteneta, hivyo chaja ya betri kwa betri si hiari tena. Volti zake pia hazikuambii kitu, maana hukaa karibu 13.2 kwa sehemu kubwa ya safari yake, kwa hiyo utahitaji mita inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Mita hiyo ningekushauri uifunge hata ukibaki na asidi. Ukiwa na uwezo, na unasafiri mara kwa mara, nenda lithiamu baada ya kurekebisha njia za kuingizia. Ukisafiri mara mbili tatu kwa mwaka, betri ya asidi ya matumizi ya kina, au ya AGM (ya asidi pia, ila iliyofungwa na asidi yake imenyonywa na nyuzi za kioo), ikitunzwa vizuri inatosha kabisa. Ila isiwe betri ya kuwashia gari. Hiyo ina mabamba membamba yaliyotengenezwa kwa mshtuko mfupi, na ukiishusha hadi nusu kila usiku itakufa upesi.

Ile inveta ya kuchemshia maji naomba uiache. Birika la wati 2000 likipitia inveta linavuta karibu ampea 185 kutoka kwenye betri. Lita moja ya maji inagharimu kama ampea-saa 10, na mkichemsha mara nne kwa siku mmekula sawa na friji nzima. Gesi mliyonayo ya kupikia inafanya kazi hiyo bila kuigusa betri. Inveta ndogo ya wati 300 kwa ajili ya kompyuta haina ubaya, ilimradi uizime ukimaliza, kwa sababu hula hata ikiwa haina mzigo.

Na muuzaji? Ampea-saa 200 kwa matumizi yenu ni saizi ya kustarehesha, sikatai. Inawapa usiku mmoja wa akiba mvua ikinyesha. Ila inunuliwe mwishoni, baada ya kurekebisha njia za kuingizia, na kama ni betri mbili, ziwe za aina moja, umri mmoja, zinunuliwe siku moja. Mpya usiifunge pamoja na hiyo ya zamani. Ya zamani itaivuta mpya chini. Kumbuka pia kilo 25 za ziada mbele ya trela zinaongeza uzito kwenye ndoano ya gari.

Kabla ya kuitupa betri uliyonayo, ijaribu kwa haki. Ikiwa ni ya kufungua vifuniko, hakikisha maji yamefunika mabamba, uongeze maji yasiyo na madini tu, usiongeze asidi. Ichaji kwa chaja nzuri usiku kucha, hata taa ya kijani ikiwaka mapema iache iendelee. Iondoe, ipumzike hadi jioni, upime. Chini ya 12.5 ni dalili mbaya tayari. Kisha chukua balbu ya taa kubwa ya gari ya wati 55, iweke juu ya kigae au bati kwa kuwa inapata moto sana, uiunganishe kupitia fyuzi. Inavuta karibu ampea 4.5. Betri nzima itaiwasha masaa kumi na, baada ya kupumzika saa moja, bado itasoma karibu 12.1. Ikiwa ndani ya masaa manne imeshuka chini ya volti 11 huku balbu inawaka, imekwisha. Ichaji mara tu baada ya jaribio, usisubiri kesho.

Kuna mambo ambayo usijaribu mwenyewe. Betri ikivimba, ikipata moto mkali wakati wa kuchajiwa au ikitoa harufu ya yai viza, zima chaja ukutani kwanza kabla ya kugusa vibano, kwa kuwa betri inayochajiwa hutoa hidrojeni na cheche moja inatosha kuilipua. Fungua milango, usiwashe kiberiti, na umwite fundi. Vivyo hivyo fyuzi inayokatika tena na tena, waya wenye joto mkononi, plagi iliyoyeyuka pembeni, na chochote kinachohusu umeme mkubwa wa kambini unaoingia kwenye trela. Kufunga nyaya nene hadi kwenye injini nako mpe fundi wa umeme wa magari, hasa gari likiwa bado na dhamana, maana kwenye magari mengi ya kisasa waya hasi haufungwi moja kwa moja kwenye kichwa cha betri bali kwenye bodi, ili kihisi cha betri kisome sawasawa. Ukienda kwake, mpelekee vipimo vyako vya multimita vya mbele na nyuma, urefu wa njia ya waya, na ile jumla ya ampea-saa zako kwa siku. Akikuuzia betri bila kuviangalia, tafuta fundi mwingine.